Begi la binti yangu lilistahili kubaki mezani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi bomba hapa Nkuhungu, jijini Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa 26 katika kazi hii. Gazeti lako nalisoma karakanani wakati nasubiri wateja, lakini sijawahi kuliandikia. Leo naomba nafasi katika ukurasa wa barua kwa sababu ya jambo lililompata binti yangu mwezi uliopita.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Alipeleka kazi yake kwenye maonyesho ya ubunifu ya wanafunzi yaliyofanyika hapa mjini. Kazi yenyewe ni begi la mgongoni la kwenye sinema, ile mashine wanayoibeba wakamata mizimu wa Ghostbusters, sinema ya Marekani ya mwaka 1984. Alilitengeneza kwa miezi miwili na nusu kwa vitu vya nyumbani na mabaki ya karakana yangu. Alipangiwa meza ya tisa. Kabla ya saa nne asubuhi mwamuzi mmoja alipita, akaliangalia kwa muda usiofika dakika moja, akasema, "Hii ni kuiga, siyo ubunifu," kisha akaagiza liondolewe ili nafasi apewe mwingine. Binti alilishusha kwa mikono yake. Nilipofika saa saba kumpelekea chakula nilimkuta amekaa, begi liko miguuni pake, na zile taa nne nyekundu bado zinawaka kwa zamu chini ya kitambaa cha meza. Hakuwa amezizima.

Sina ugomvi na mwamuzi yule. Alikuwa na meza nyingi za kupita na jua lilikuwa kali. Ninalobishana nalo ni neno lake, kwa sababu neno hilo nalisikia kila mahali, shuleni, kwenye vikao vya wazazi, hata kwa mafundi wenzangu: kwamba kuiga ni jambo moja na ufundi ni jambo jingine.

Kwa wasioijua sinema hiyo, wapo watu wanne wanaokamata mizimu jijini New York, na kila mmoja amebeba mgongoni mashine nyeusi yenye mtutu wa kurushia mwali. Sehemu ya chini ya mashine kuna duara kubwa lenye taa nne nyekundu zinazopokezana. Upande wa kushoto kuna kidirisha chembamba chenye taa za buluu zinazopanda kama maji kwenye tangi. Kuna mipira inayojikunja, nyaya bapa za rangi rangi na vibandiko vya kutahadharisha umeme mkubwa. Niliiona mara ya kwanza nikiwa kijana, kwenye banda la video, mtu akitutafsiria kwa sauti ya juu kuliko sinema yenyewe. Mwezi wa tano mwaka huu binti aliazima flashi kwa rafiki yake, tukaiangalia sebuleni.

Kamera iliposogea karibu na ule mtutu nikamwambia, "Simamisha hapo." Nilikuwa nimeona elbo.

Elbo, Mhariri. Kiungio cha kona cha bomba la hewa, kidogo kama kidole gumba. Nilimwambia binti kwamba kile hakikuchongwa kwa ajili ya sinema, kile kimetoka dukani kwa watu wa kazi yetu. Alinitazama kama watoto wanavyowatazama wazazi. Siku tatu baadaye akarudi na jibu. Wapo watu Marekani na Ulaya waliokaa miaka mingi wakitambua kidude kimoja kimoja kwenye mashine ile. Elbo niliyoiona ni ya Legris, chapa ya Kifaransa inayojulikana kwa viungio vya mabomba ya hewa yenye shinikizo. Valvu ndogo iliyo kwenye begi ni ya Clippard, ya Marekani. Vile vipande vya rangi ya dhahabu vyenye mapezi ni rezista za Dale, vifaa vya kawaida vya umeme wa viwandani. Fremu inayokaa mgongoni ni ya begi la askari wa Marekani, wanaloliita ALICE. Stephen Dane, aliyechora mashine hiyo, aliianzia kwenye wazo la begi la jeshi, akaipangia vifaa vya namna hiyo, na gamba lake likatengenezwa kwa faiba.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokamatika. Kitu ambacho dunia nzima ilikiona kama mashine ya ajabu kilikuwa, kwa sehemu kubwa, vifaa vya stoo ya fundi vilivyopangwa na mtu mwenye jicho. Binti akaniambia tena kwamba mpini wa ule upanga wa mwanga wa kijana katika sinema ya Star Wars ya mwaka 1977 ulikuwa mpini wa taa ya kamera ya Graflex. Nikamwambia basi sisi tuna haki ya kuanza. Vifaa vyao vilitoka kwenye maduka yao, vyetu vitatoka nyuma ya nyumba.

Sasa niieleze kazi, kwa sababu mwamuzi hakuuliza.

Ugumu wa kwanza ulikuwa ukubwa. Picha haisemi kitu kina sentimita ngapi. Binti alitaka kukadiria, mimi nikakataa, kwa sababu fundi anayekadiria anarudi kubomoa tailsi za watu. Tukatafuta kitu kimoja ambacho tunacho mkononi na kinafanana na kitu kimoja kwenye picha. Tukapata kifuniko cha ndoo ya rangi ya lita 20, chenye sentimita 30 kutoka ukingo hadi ukingo, kikawa ndilo lile duara la chini. Tukatoa picha ya rangi kwenye stesheneri, shilingi 1,000. Kwenye karatasi duara lilikuwa na milimita 50. Maana yake kila milimita moja ya karatasi ni milimita sita za begi. Urefu wa mashine kwenye karatasi ulikuwa milimita 110, kwa hiyo begi letu sentimita 66. Nilifurahi, nikachukua msumeno.

Binti akanizuia. Alikuwa amelipima duara kwa kwenda juu, akapata milimita 46. Kwa upande 50, kwa juu 46. "Baba, hili siyo duara, ni yai." Nilikaa chini. Picha ilikuwa imepigwa kutoka juu kidogo, na kila kipimo cha urefu tulichokichukua kilikuwa kimefupishwa. Alitafuta picha nyingine siku nne, kila anayoipata anapima duara kwanza. Ya sita ndiyo iliyokuwa na 50 kwa 50, na hapo urefu wa mashine ukatoka milimita 120, yaani sentimita 72. Tungekata kwa picha ya kwanza tungekosea kwa sentimita sita, na kila kitu kinachokaa juu yake kingesogea. Tangu hapo akajiwekea utaratibu wake: kila kipimo anakichukua mara tatu kwa penseli iliyochongwa, kwa kuwa kosa la milimita moja kwenye karatasi ni milimita sita kwenye begi. Daftari lake la vipimo lina kurasa 31. Lilikuwa pale mezani. Halikufunguliwa.

Nilipendekeza tulipunguze begi lote liendane na mgongo wake, maana sentimita 72 kwa mtoto wa miaka kumi na minne ni mzigo. Alikataa katakata. "Tukipunguza siyo lenyewe." Basi tukahamia kwenye uzito. Begi la kwanza lilikuwa na ubao nyuma, tukaenda kulipima kwenye mizani ya muuza mahindi pale Majengo, likawa kilo 6 na gramu 400. Alilivaa dakika kumi, mabega yakawa mekundu. Ubao ukatoka. Mahali pake tukaweka maboksi ya friji, tabaka tano, kila tabaka limegeuzwa ili mistari ya boksi ikatane na ya chini yake, tukaunganisha kwa gundi ya mbao na kulilaza chini ya mifuko miwili ya saruji usiku kucha. Boksi lililobandikwa hivyo halipindi. Uzito ukashuka hadi kilo 4 na gramu 100. Alikuja kugundua kwamba hata watengenezaji wa sinema walikuwa na mabegi mengine mepesi kwa ajili ya matukio ya kukimbia na kuanguka, kwa sababu yale yenye vifaa kamili yalikuwa mazito mno kwa waigizaji. Alinionyesha hilo kwa furaha kubwa kuliko alipofaulu hesabu.

Fremu ya mgongoni ndiyo niliyochangia mimi. Tulitumia bomba la PVC la nusu inchi. Kulikunja bomba la plastiki bila kulivunja au kulibana katikati kuna namna yake, na nilitaka aijue. Unakaanga mchanga mkavu kwenye sufuria kuukuu, unaziba upande mmoja wa bomba, unamimina mchanga wa moto ndani mpaka ujae, unasubiri. PVC huanza kulainika karibu nyuzi joto 80, kwa hiyo haihitaji moto wa kuiunguza, na isiunguzwe kabisa, moshi wake ni sumu. Likilainika unalikunja taratibu kwenye kiolezo, na mchanga ulio ndani unazuia kuta zisikutane. Tulifanya nje, upepo ukiwa mgongoni petu. Bomba la kwanza aliliharibu. La pili pia. La tatu lilikaa kwenye mchoro kama limezaliwa nalo. Mikanda tulitoa kwenye begi lake la darasa la sita.

Vingine nitavipita haraka. Ile kingo iliyopinda chini ni ubavu wa ndoo yenyewe. Mipira ni bomba la kujikunja la sinki lililotolewa kwa mteja likiwa limetoboka. Vile vimrija vyembamba ni miili ya kalamu za wino zilizokwisha. Rezista za dhahabu ni vipande vya alumini vyenye mapezi kutoka kwenye redio mbovu, vile vinavyopunguza joto, vikapakwa rangi. Soli ya ndala ilikatwa ikawa vishikizo vya mtutu. Nyaya bapa za rangi rangi alizitengeneza kwa waya wa simu, nyuzi moja moja, akazilaza sambamba na kuzibandika, jioni tatu nzima. Na ile elbo, ile niliyoiona mimi, ilikuwa elbo ya kweli ya hewa niliyokuwa nayo kwenye kopo tangu nilipofanya kazi ya kompresa miaka iliyopita. Kati ya vitu vyote ndicho pekee ambacho hatukukibadilisha hata rangi.

Rangi ilitutesa. Mhariri, unaujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba. Tulipulizia nyeusi mchana, baada ya robo saa begi lilikuwa jekundu kwa vumbi, limeganda kama msasa. Tukalisugua lote, tukasubiri, tukarudia saa kumi na moja alfajiri ndani ya bafu, mlango umefungwa na sakafu imemwagiwa maji ili vumbi litulie. Mama yake aliamka na kutukuta tumefunga vitambaa puani. Baada ya kukauka binti akasugua rangi ya fedha kidogo sana kwenye kingo na pembe, kwa kuwa chuma kinachobebwa huchubuka pembeni kwanza, siyo katikati. Hilo hakufundishwa na mtu. Aliliona kwenye funguo zangu za bomba.

Taa ndizo zilizompeleka mbali zaidi. Taa nne zinazowaka tu mtu yeyote anaweza, lakini hizi zinapokezana, moja inazima nyingine inawaka. Fundi redio mmoja jirani yetu alimfundisha kwa siku mbili. Chipu ya 555 inatoa mapigo, kama saa. Chipu ya 4017 inapokea mapigo na kuyahesabu, kila pigo inapeleka umeme kwenye mguu mwingine. Yenyewe inahesabu hadi kumi, lakini ukiuchukua mguu wa tano katika hiyo ya kuhesabu na kuurudisha kwenye mguu wa kuanzia upya, inafika nne na kuanza tena. Binti alipoelewa hilo alikimbia kutoka kwa jirani mpaka nyumbani kuja kuniambia. Rezista ya kwanza, ya kiloomu 33 (kipimo cha ukinzani wa umeme), ilizifanya taa zikimbie karibu mara mbili kwa sekunde. Alihesabu kwa simu, akaiona ni haraka mno, akaweka ya kiloomu 68, zikatulia kwenye pigo moja kwa sekunde. Wekundu ulitokana na vifuniko vya plastiki vyekundu vilivyokatwa.

Fedha iliyotoka mfukoni kwangu ni hii: picha tatu 3,000, rangi makopo mawili 13,000, chipu na rezista 5,000, betri ya volti tisa 2,500, gundi 4,000. Jumla 27,500. Vingine vyote vilikuwepo.

Sasa nauliza kwa dhati, je, hapo ufundi uko wapi na kuiga kuko wapi? Mimi nilipoanza kazi, mwalimu wangu alinipa kiungio alichokikata yeye na kuniambia nikate kingine kama hicho. Nilikata kumi na tisa kabla hajakubali. Hakuniambia nibuni. Aliyeweza kutengeneza kitu kinachofanana na kingine hadi milimita, huyo anajua kupima, anajua vitu vinavyokubali na vinavyokataa, anajua kosa lilipoingia. Kubuni kunakuja juu ya hapo.

Na waliosema begi hili ni la Wazungu, maana walikuwepo pia, nawakumbusha kitu cha kwetu. Babu yangu mzaa mama alikuwa na ilimba, ala ya muziki. Ndugu zetu Wagogo wanaijua: sanduku la mbao, vyuma vilivyofuliwa kutoka chuma chakavu, na tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Utando wa buibui, Mhariri, kitu kilichookotwa kwenye kona ya nyumba. Babu aliitengeneza kwa kuweka ilimba ya mjomba wake mbele yake na kuifuata chuma kwa chuma, akipiga huku na kupiga huku mpaka sauti zikalingana. Hakuna aliyemwambia aishushe chini.

Tangu Januari 2024 baadhi ya sekondari zetu zimeanza mkondo wa amali, na Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inasema watoto watoke shuleni na ujuzi wa mikono. Naiunga mkono kwa moyo wote, nimeingoja maisha yangu yote. Lakini maonyesho tunayowapeleka watoto bado yanawauliza swali moja tu: "Hiki kinatatua tatizo gani la jamii?" Nimeona watoto wakibandika maneno ya kilimo kwenye kazi isiyohusu kilimo ili wapate meza. Binti yangu alishauriwa na mwenzake aseme begi lake ni la kunyunyizia dawa ya mimea. Alikataa kusema uongo, na ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa taa.

Ninaloomba kwa waandaaji ni dogo. Fomu ya maonyesho iwe na kundi moja la kazi za kuunda kitu kilichopo kwa vifaa vingine, na alama zake zitolewe kwa mambo yanayopimika: mwamuzi aje na rula na picha ya kitu halisi, apime sehemu tano, asome daftari la vipimo, amuulize mtoto kwa nini alitumia kitu fulani badala ya kingine, na nini kiliharibika kabla hakijakaa sawa. Kwa mtoto mmoja dakika kumi zinatosha. Kundi hilo lisiwe la sinema peke yake. Mwingine ataiga treni ya SGR kwa maboksi, mwingine pampu ya kisima cha kijijini kwao, mwingine zeze la bibi yake. Wote wapimwe kwa rula ileile.

Begi sasa linaning'inia karakanani kwangu, kwenye msumari ambao zamani ulikuwa wa mpira wa maji. Wateja wanaliuliza. Jumamosi iliyopita binti alikuja, akalishusha, akalipima tena urefu kwa futi kamba. Alipata sentimita 71 na nusu. Sasa ameanza kutafuta ile nusu ilipopotea.

Wako mtiifu,
Fundi bomba, Nkuhungu, Dodoma